Hoja Tano za Mama Zuhra

Hajra alimwaga ndoo ya arobaini katikati ya barabara, akajinyoosha mgongo, akaagiza nyingine.

"Mama Zuhra, unapanda mpunga?" aliuliza mpita njia aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la korosho.

"Ninapanda kalavati, baba. Pita pembeni usiteleze."

Hajra alikuwa mfyatua matofali, na pia mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi Ujenzi wa mtaa wao mjini Nachingwea. Mahali alipokuwa akimwagia maji, korongo linaikata barabara iendayo hospitali. Mwaka juzi, wakati wa mvua, binti yake Zuhra alijifungulia juu ya trekta lililokwama hapo hapo korongoni. Tangu siku hiyo umoja ulikuwa umeandika barua saba kuomba makalavati matano, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Sasa Zuhra alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba, na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa Ruangwa.

Jioni iliyotangulia, mwenyekiti wa mtaa alikuwa amepiga simu: mhandisi wa barabara angefika kesho yake, Jumatano, saa tatu asubuhi. Tatizo ni kwamba korongo lilikuwa kavu kabisa. Kuku walikuwa wakioga vumbi ndani yake.

"Akilikuta hivi ataandika kwamba hatuna shida," alisema Swalehe, fundi mwashi na katibu wa umoja. "Lazima akwame."

Basi wakachimba, wakamwaga maji, wakalikoroga tope kwa makoleo yale yale wanayokorogea zege. Swalehe alilichota kiganjani, akalitazama kwa upendo. Hakuwa amewahi kukoroga kitu kikatoka vizuri namna ile.

Gaudensia, muuza kokoto, aliinua bahasha ya kaki yenye muhuri. "Na hii iliyoletwa wiki iliyopita? Si tuifungue, tumjue mgeni wetu?"

"Katiba, dada Gaude," Hajra alijibu. "Barua ya serikali hufunguliwa mbele ya kamati nzima, tena husomwa kwa sauti. Mjumbe mwenzetu Bakary bado yuko Nandagala anaokota korosho zake. Leo tukifungua barua bila akidi, kesho tutafungua sanduku la fedha."

Gaudensia akairudisha bahasha kwenye kikapu.

Saa tatu kamili likatokea lori kubwa lililofunikwa turubai, mhandisi ameketi kando ya dereva.

"Mbona lori?" Swalehe alinong'ona.

"Gari lao dogo litakuwa bovu," Hajra alijibu. "Afadhali zito, litazama kwa heshima."

Likazama. Magurudumu ya kushoto yalimezwa hadi ekseli, lori likaanza kuegama polepole kama mtu anayesinzia msibani. Wanawake wa umoja wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka, wakavaa nyuso za huzuni.

Mhandisi alishuka, tope likamfika magotini. Hajra alikuwa amekwisha kukunjua karatasi yake.

"Mheshimiwa Mhandisi, tuna hoja tano."

"Shikamoo, mama. Naomba kwanza hilo lori..."

"Marahaba, mwanangu. Sitachelewa."

Mhandisi alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Hakuweza kumkatiza mama anayesoma.

"Kwanza, mji usio na mitaro hujenga nyumba kiangazi na kuzijenga tena baada ya mvua."

Lori likaegama zaidi. Chini ya turubai kitu kikalia: paa!

"Pili, mafundi tupo, mchanga upo, kokoto za dada Gaudensia zipo. Kinachokosekana ni uamuzi wa serikali."

Paa!

"Tatu, barabara ikipitika, hata tofali hufika sokoni likiwa zima."

Paa! Mhandisi akafumba macho.

"Nne, mjukuu wangu wa kwanza majirani wanamwita Trekta. Sitaki wa pili aitwe Korongo."

Paa!

"Tano, kwa sababu hizo zote, tunaomba makalavati matano."

Wakapiga makofi. Mhandisi peke yake hakupiga.

"Mama," alisema taratibu, "barua yangu hamkuipata?"

"Tumeipata, mheshimiwa. Inasubiri akidi."

Wakati huo huo bodaboda ikasimama nyuma ya lori. Bakary akateremka na gunia lake la korosho, akihema. "Nimewahi?"

"Akidi imetimia," Swalehe akatangaza.

Gaudensia akatoa bahasha. Hajra akaipasua, akakohoa kidogo kusafisha koo, na kama katiba inavyotaka, akasoma kwa sauti bila kukosea hata neno moja:

"'Ombi lenu limekubaliwa. Makalavati matano ya zege yataletwa kwa lori siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi. Tafadhali hakikisheni njia ni kavu.'"

Paa! likajibu turubai, kwa mara ya tano.