Redio ya Mama Iko Wapi?

Simu ilimtaka Fundi apepese macho. Akapepesa. Ikamtaka ageuze shingo kulia. Akageuza. "Hatukutambui," ikaandika, mara ya tatu asubuhi hiyo.

Ila chini yake simu ilionyesha kuwa jana saa tisa akaunti hiyohiyo ya benki ilifunguka bila shida, kwa uso wake, na saa tisa yeye alikuwa kwenye cherehani akipinda gauni la mteja. Akapigia benki simu.

"Ilifunguliwa kwenye simu nyingine, mama," akasema karani. "Juzi pia. Uso ni wako kabisa."

"Wangu ninao hapa. Huo ni wa pacha wangu."

Kitinda alimfuata duniani dakika kumi baadaye, na sasa waliishi nyumba moja. Mwezi uliopita, Fundi alipolazwa na homa, ni yeye mwenyewe aliyeiweka akaunti kwenye simu ya Kitinda ili alipe umeme. Kikulacho ki nguoni mwako. Na zile hereni zake za dhahabu, mbona hazivai tena? Mtu akianza kuuza vyake, vya mwenzake viko salama?

"Ametoa kiasi gani?"

"Hajatoa. Anatazama salio tu. Na fedha zinaingia, kidogokidogo."

"Hizo ni za wateja. Kuku hunenepeshwa kwanza."

Zilikuwa fedha za kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilishafunga ukungu hata simu hailitambui, la kulia lilianza kufuata, na fundi asiyeona tundu la sindano ni sawa na asiye na mikono.

"Basi tuache uso, tuweke swali la siri," karani akasema. "Shule yako ya kwanza?"

"Tulikaa dawati moja."

"Jina la bibi yako?"

"Mwanangu, tulikaa tumbo moja!"

Karani akacheka. "Chagua jambo ambalo hata yeye halijui. Akikosea mara moja, akaunti inajifunga. Na kila kitakachotokea utaletewa ujumbe."

Jambo lilikuwepo. Walipokuwa na miaka tisa, redio ya mama ilitoweka. Mama alimchapa Kitinda mpaka fimbo ikakatika, akamwita mwizi mbele ya majirani. Kitinda alilia, hakusema neno. Fundi, aliyeiangusha redio ikapasuka akaitumbukiza chooni, naye hakusema. Miaka arobaini sasa. Hata leo kikipotea kitu, watu humtazama Kitinda kwanza. Fundi pia.

Akaandika swali: Redio ya mama iko wapi? Jibu: chooni.

Mchana Kitinda alimletea chai kibandani. "Dada, macho yanasemaje leo?"

"Yanaona vya kutosha," Fundi akajibu, bila kuinua kichwa.

Kitinda akaondoka. Fundi akamsindikiza kwa jicho moja. Akijaribu tu, akajiapia, Jumamosi anafungasha mizigo yake.

Saa tisa alisimamisha cherehani, akaiweka simu kando ya mkasi. Ikalia. Akaisogeza kwenye jicho la kulia.

*Fedha zimeingia kwenye akaunti yako. Maelezo: za jicho la dada.*

Kabla hajaiweka chini, ikalia tena.

*Akaunti yako imefunguliwa. Swali la siri limejibiwa kwa usahihi.*