Bibi Harusi na Mchi

Baba yake alipotokea mlangoni na fimbo, Selestine alikuwa bado anatazama simu, anafurahia jinsi wasomaji wanavyoongezeka.

"Wewe mtoto, umenivunjia nyumba!"

Selestine aliruka ua wa minyaa, kandambili moja ikabaki uani, akatimua mbio kuelekea mtaa wa Kashaulili.

Mambo yalianza kwa ukame wa kazi. Selestine alirudi nyumbani Ilembo na diploma ya uandishi wa habari, akakosa kazi, akafungua blogu. Aliiita "Jicho la Katavi". Mwanzoni aliandika juu ya viboko, utalii na maendeleo ya vijana. Waliosoma ni yeye na mama yake, na mama alikuwa anabonyeza tu pale alipoonyeshwa.

Ndipo akasoma mahali kwamba mwandishi hana haja ya kuhangaika. Aandike kilicho karibu naye. Kwa Selestine hiyo ilikuwa neema. Kilicho karibu hakina nauli. Akaandika jinsi jirani yao Damiano alivyoondolewa kwenye kwaya kwa sababu ya sauti. Watu wakacheka. Akaandika jinsi shangazi Imakulata alivyopaka krimu hadi simu yake ikakataa kuutambua uso wake. Watu wakacheka zaidi. Majina aliyaficha: Damiano akawa "D. wa Ilembo", na shangazi akawa "shangazi mmoja". Damiano akaacha kumsalimia. Selestine akaandika na hilo.

Haikuchukua muda, mtaa mzima ukajifunza kunyamaza akipita. Blogu ikaanza kusinzia tena.

Bahati ikamwangukia nyumbani kwao. Mdogo wake, Matilda, aliposwa na Mwandu, mfugaji wa njia ya Karema, mtu wa heshima aliyefiwa na mke. Ng'ombe wa Mwandu wakivuka barabara, bodaboda huzima injini na kusubiri. Baba, ambaye maisha yake yote alifuga kuku, alikubali siku hiyohiyo, akatangaza kwamba binti naye amekubali, akaanza kuchimbia nguzo za zizi.

Jioni Matilda alikuja kukaa karibu na kaka yake, anachambua maharage.

"Kaka, nikikwambia kitu, hutakiandika?"

"Mdogo wangu! Mimi wa kufanya hivyo?"

"Naogopa Mwandu akijua. Mimi nikilala huwa natembea."

Selestine akanyanyua kichwa. "Unatembea?"

"Tena nabeba mchi. Asubuhi naukuta kitandani. Usiandike, kaka."

Selestine alikuwa analala chumba cha uani na hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Hakuona pia haja ya kuuliza wengine. Mwenye habari si ndiye aliyesema? Akampa pole, akaingia ndani, na kabla maharage hayajachemka, "Bibi Harusi wa Ilembo Atembea na Mchi Usingizini" ilikuwa tayari hewani.

Kesho yake Matilda alikuja tena. Selestine alimchungulia usoni, akaona hajakasirika. Bila shaka hajasoma. Safari hii alisema kwamba usingizini huwa anatukana, na matusi yenyewe ni ya wakwe, ingawa hajawahi kuwa nao. Baadaye ikawa habari ya ugali: hajui kuusonga, ule wanaousifu wageni ni wa mama.

"Nyie wanaume mnasema hamjali," alisema, "lakini usiandike."

Kila mara Selestine aliapa, na kila mara aliandika. Madereva wa bodaboda wakaanza kuulizana habari za mchi. Wauza dagaa wakamsimamisha kutaka kujua kama bibi harusi ameshampiga mtu. Kwa mara ya kwanza jina la Selestine likawa linatajwa sokoni bila tusi.

Kisha akaja mzee Shadrack, mshenga wa kina Mwandu. Alikaribishwa soda, akaikataa. Mgeni anayekataa soda hakuja kwa heri.

"Wazee hawana ugomvi na nyie," alisema kwa adabu. "Ila Minza, mdogo wake Mwandu, amewasomea yote kwenye simu. Wakaomba awasomee tena. Wanasema Mwandu ana watoto wadogo, na mchi ni mchi. Posa wameiondoa."

Baba alisema huo ni uzushi wa maadui wa familia. Mzee Shadrack hakubishana. Akamsogezea simu. Chini ya habari palikuwa na picha ya mwandishi: Selestine, amefunga tai, anatabasamu.

Ndipo fimbo ikatoka.

Selestine alijificha kwa rafiki yake mpaka aliposikia baba ameanza kuzing'oa nguzo za zizi, maana mtu anayeng'oa nguzo hana nguvu ya kupiga. Alirudi kwa kunyata. Akamkuta Matilda nyuma ya jiko, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Moyo ulimuuma kweli. Ulimuuma hivyohivyo huku kichwa kikiwa kimeshapata kichwa cha habari: "Machozi ya Mdogo Wangu".

"Matilda, nisamehe. Nimekuharibia maisha."

Matilda akashusha kanga. Alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Kaka, mimi nikilala hata kugeuka sigeuki," alisema. "Nilimwambia baba simtaki yule mtu, hakusikia. Nikamwambia mama, akasema niombe. Ndipo nikaja kwako, nikakwambia usiandike."