Ongeza Kutu, Fundi

Kelestini alichovya tambara kwenye maji ya betri yaliyokolezwa chumvi, akaupaka mlango wa Pijo 404 taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Rangi ilikuwa mbishi. Siku ya tatu hiyo, na msasa ulishalainika kama karatasi ya daftari. Lakini kutu ilikuwa imeanza kuitika, mlangoni, kwenye boneti, ikishuka mpaka kwenye tope la jaruba la mpunga alilolibandika kwa mkono.

Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Bado. Akachota kinyesi cha kuku kwenye ndoo, akakimwaga kwenye viti alivyokwisha kuvichana kwa wembe.

"Baba Noela," mkewe Domitila akasema kutoka mlangoni, "siku hizi kazi ya fundi ni kuharibu?"

"Ndiyo oda ya bosi."

Bosi ni Fredy, yule wa kwenye TV. Kipindi chake kinaitwa Mkweche Fufuka. Kila Jumapili anafumba macho, anaweka kiganja kwenye boneti ya gari bovu, anasema, "Mimi gari nalijua kwa kuligusa!" Matangazo mawili yakipita, gari linang'aa.

Mwaka jana alileta Landrova ya mzee mmoja wa Malinyi. Kelestini akaifanyia kazi miezi minne, hapa hapa Katindiuka, mgongo chini. Kwenye TV miezi minne ikawa siku saba, na mikono yake ikawa mikono ya Fredy, imepakwa grisi na dada wa vipodozi. Kelestini mwenyewe alionekana sekunde sita, anajikuna kichwa, chini yake wameandika: FUNDI ALIYELIUA GARI HILI.

Mji mzima ukaanza kumwita Muuaji. Wateja wakahama. Hata wa pikipiki waliona bora wazisukume mpaka Ifakara mjini kuliko kuingia kwake. Jina la miaka ishirini liliondoka na sekunde sita.

Wiki mbili zilizopita Fredy karudi, na Pijo mbili, modeli moja, bluu moja. Moja mkweche aliouokota Idete, kuku walikuwa wanataga ndani. La pili lake mwenyewe, aliloachiwa na marehemu baba yake, safi utadhani limelambwa.

"Ile ya mwaka jana ilikuwa shoo tu, fundi, usiweke moyoni," alisema. Pole hakutoa. "Sasa sikia. Mkweche ndiyo mwanzo wa kipindi, langu ndiyo mwisho. Katikati tunaweka muziki."

"Na mkweche anautengeneza nani?"

"Utengenezwe wa nini? Naupiga nyundo, watu wanashangilia, basi. Nani atakuja kuukagua?"

Halafu akafungua kisanduku cha kwenye dashibodi ya gari lake, akapapasa kifuniko kwa ndani. "Hapa nilichora na msumari, nina miaka saba. Mzee alinichapa, akamaliza, akalia yeye. Hili siuzi hata wanipe kijiji kizima." Sauti ilimtetemeka, na kamera wala haikuwepo.

Akajikohoza. "Hili la mzee lifunike turubai, lisiguswe. Mkweche, ongeza kutu, fundi. Sitaki kuuona mpaka siku yenyewe, nataka nishtuke kweli." Akaondoka na watu wake kwenda kupiga picha za mto.

"Atakudhalilisha tena," Domitila alisema sasa.

"Safari hii ataharibu mwenyewe. Kwa mkono wake, na mbele ya kamera."

Domitila akalitazama turubai kule pembeni, limefungwa kamba kama mzigo wa magendo. Akashusha sauti. "Umelitia sukari kwenye tenki?"

"Mama Noela! Tangu nilifunike, sijaligusa hata kwa kidole."

Jumamosi nusu ya Katindiuka ilikuwa uani. Fredy alishuka na ovaroli mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Domitila akajibu, kama anayefunga mlango.

Fredy akapita kwanza kwenye turubai, akalipigapiga mgongo. "Nisubiri, mzee wangu. Zamu yako inakuja." Kisha akaenda kwenye kutu, kamera ikawaka. Akafumba macho, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Mimi gari nalijua kwa kuligusa," akasema. "Na hili, wapenzi watazamaji, ni maiti. Halijawahi kupendwa na mtu hili!" Akafumbua macho, akamnyooshea Kelestini kidole. "Na muuaji wake ni nani?"

"Muuajiii!" uani wakaitikia, wakicheka.

Kelestini akasogea mbele. Akamkabidhi nyundo kubwa, kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Taa zikapasuka. Kioo kikafuata. Mlango ukabonyea, ukapigwa tena, ukang'oka. Fredy alikuwa anatoka jasho la kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze.

"Ongeza, bosi," Kelestini akasema taratibu.

Fredy akaongeza. Akaingia nusu mwili, akaishukia dashibodi mara mbili, kifuniko cha kisanduku kikaruka mpaka nje. Akakiokota, akakiinua juu ya kichwa kuelekea kamera, anahema, anacheka.

"Takataka kama hii," akapaza sauti, "mtu anaitunzia nini?"

Fidelis, mpiga picha, akavuta karibu mpaka kifuniko kikajaa kwenye kioo cha kamera. Kwa upande wa ndani palikuwa na maandishi ya msumari, mwandiko wa mtoto, herufi moja imegeuzwa: GARI LA BABA NA FREDY.