Mgeni wa Ukutani

Siku hizi mhariri akimsingizia mtu hewani, sura ya mtu huyo huwashwa ukutani nyumbani kwa mhariri kila wakati wa chakula, mpaka asamehewe. Mwakio, wa runinga ya habari za Kiingereza, ana mwaka wa tatu anakula akitazamwa na Bi Kadzo. Mama huyo alikuwa amelia, "Nimemuua mwanangu kwa kumtuma sokoni siku ya ghasia." Mwakio, akikimbizana na taarifa ya saa moja, alitafsiri maneno mawili ya kwanza, mengine akayafyeka.

Leo barua imefika: Bi Kadzo amefariki bila kusamehe. Sura itabaki.

Binti wa Mwakio, Wakesho, akanawa mikono, akauelekea ukuta kama kawaida. "Shikamoo, nyanya."

Kisha akamgeukia babake. "Baba, anakutazama wewe tu. Mbona humwamkii?"