Kifaa cha Saba

Fundi alikuwa ameshaunganisha modemu na ruta mpya, akawa anapitia kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyojiunga tena na mtandao wa nyumba ile. Cha saba kilimkata pumzi: "Kifaranga cha Baba."

Jina hilo alilibuni mwenyewe, siku alipomnunulia binti yake simu. Miaka miwili iliyopita alimwambia akivuka kizingiti asirudi, na kweli hakurudi. Namba alibadilisha. Simu, kumbe, hakubadilisha.

"Samahani mama, chumba cha uani anakaa nani?" aliuliza, bisibisi ikimzungukazunguka mkononi.

"Mpangaji wangu," alijibu mwenye nyumba. "Ana kichanga. Ndiye anayenisumbua kila siku kwamba mtandao haumfikii vizuri. Si unacho kidude cha kumsogezea?"

Alikuwa nacho, cheupe, kidogo kama kisahani. Alikichukua, akakirudisha mezani, akakichukua tena.

Alivuka ua nacho. Ndani mtoto alikuwa analia, na mtu akimbembeleza.

Alifungua kinywa mara mbili kabla hodi haijatoka.

"Karibu fundi," akaitikiwa. "Mlango uko wazi."