Mtandio wa Zambarau

Kwenye picha ya kwanza Ermes hakuwamo, ingawa alikuwa ameketi pale pale, roshani ya katikati, bega kwa bega na mkewe. Palipotakiwa kuwa na uso wake palitanda ukungu mtupu.

"Umejikuna pua, ukageuka, ukainama," Nives alimpazia sauti kutoka jukwaani. "Kamera yangu haimwoni mtu wa namna hiyo, mzee."

"Niliinama kufunga kiatu. Nalo ni kosa?"

Nives alikuwa amezunguka dunia akipiga picha za majumba ya opera, toka Odessa hadi Buenos Aires, na kote huko alifanya kazi kwa namna moja. Anasimama jukwaani, ukumbi mtupu mbele yake, taa moja hafifu, na lenzi anaiacha wazi kwa dakika kadhaa inywe mwanga taratibu. Wapitao hawaonekani. Kule Odessa wafagiaji walifagia ukumbi mzima mbele ya kamera na hakutokea hata mmoja. Waketio hutoka na ukungu, mwingi au haba, kwa kuwa hata pumzi humtikisa mtu. Waliowahi kutoka safi kwenye picha zake ni malaika wa plasta tu, zile sanamu zinazowekwa pambo juu ya nguzo. Ndiyo maana watu hakuwapiga picha.

Leo alikubali kwa ajili ya Iride, mke wa Ermes. Kesho ukumbi huu wa mji wao ungefungwa kwa matengenezo ya miaka, na Iride miaka hakuwa nayo. Daktari alikwisha kumwambia asiutegemee msimu wa maua. Maisha yao yote yalipita humu, yeye akiimba safu ya nyuma ya kwaya, mumewe akivuta kamba za mapazia mahali asipoonekana. Kuketi mbele kama wenye tiketi zao, hawakuketi hata siku moja. Basi alitaka picha moja, wao wawili roshanini, nyuso zikionekana, amwachie Ermes awe anaitazama.

Lifti ilikuwa imekatiwa umeme, kwa hiyo Ermes alimpandisha mkewe mgongoni hadi ghorofa ya pili. Alifika juu jasho likimtiririka kwenye baridi ile ya Januari, akijisifu kwamba amebeba misitu na makasri ya mbao ya jukwaani, mazito kuliko mke.

Kabla ya picha ya pili Iride alitoa mtandio mkobani, akajifunga shingoni. Ulikuwa wa zambarau. Ermes aliruka kama aliyemwona nyoka, maana watu wa jukwaa hawaivai rangi hiyo ndani ya ukumbi. Wanasema inakiita kifo, na wapo waimbaji waliogoma kuimba kwa sababu ya ua moja tu la zambarau.

"Uvue huo."

"Unanipendeza. Na kifo kimeshanipigia hodi, kitanifanya nini zaidi?"

"Wewe mwanamke, sikio la kufa..." Ermes alianza. Uso ulimwiva kwa aibu. Akaufungua mtandio kwa vidole vyake vinene, akausokomeza kwenye mfuko wa koti lake, upande wa kifuani. "Kama ni lazima uwemo humu, nitakaa nao mimi."

Iride alicheka mpaka akakohoa, na kule chini Nives alikisikiliza kile kikohozi kwa hofu.

Picha ya pili ilikuwa afadhali kwa Iride. Kwaya ilimfundisha kusimama kama mshumaa, na ukungu wake ulikuwa mwembamba, uso unatambulika. Ermes alikuwa moshi tena, kwa kuwa muda wote alikuwa akilisugua bega.

"Zile kamba," alinung'unika. "Pensheni nyingine hulipwa begani."

"Ermes." Safari hii Iride hakuwa akitania. "Umehangaika maisha yako yote nyuma ya pazia. Tulia nami mara moja tu, mume wangu. Sina nyingine ya kukuomba."

Ermes alimtazama, macho yakamjaa maji. "Haya. Safari hii sitikisiki. Nikitikisika, nisukume chini nikaoze na viti."

"Hii ndiyo ya mwisho," Nives aliwaambia. "Mafundi wa matengenezo wanaingoja taa yao hii waliyotuazima. Shikaneni mikono, mtazame mbele. Msitazamane, msiseme neno, na kupumua iwe kidogo kidogo, mpaka niseme basi."

Akafungua lenzi. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Kiti kimoja kule roshanini kililia kidogo, halafu hakikulia tena. Nives alikuwa akimwomba Mungu amzuilie Iride kikohozi, na kikohozi hakikuja.

Alipoifunga aliinamia kioo cha kamera, akaivuta picha mpaka roshani ikajaa kioo chote. Juu walikuwapo malaika, weupe na safi kama kawaida yao. Chini yao Iride, na ule ukungu wake mwembamba. Kando ya Iride, Ermes. Sharubu zilihesabika unywele kwa unywele, na vifungo vya koti, na kope za macho yaliyotazama mbele. Hata ncha ya mtandio wa zambarau ilionekana ikichungulia mfukoni.

"Mzee ameweza," Nives alijisemea kwa furaha.

Akaitazama picha tena. Kisha akawatazama malaika wasiopumua, na tabasamu likamkatika. Alisahau kusema basi.

"Nives, mwanangu," sauti ya Iride ilishuka kutoka juu, akisema kwa midomo isiyofunguka, macho mbele, mkono wake bado umo mkononi mwa mumewe. "Sasa tunaweza kupumua?"