Eneo Tupu

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi bila kuichora mipaka. Mezani walikuwa wawili: Kapteni Shaweji, mwenye ramani, na Bi Mwanatumu, mwosha maiti wa mji.

"Adui wa leo haji kwa bahari, mama, huja kwa anga," alisema kapteni. "Mizinga itakaa kilimani, na ndege zake tutaziangushia hapa, penye eneo tupu. Weka dole gumba, uwe shahidi wa mtaa."

Bi Mwanatumu aliutazama weupe ule wa karatasi. Ulikuwa mtaa wake.

"Tupu? Nani kakuchorea, mwanangu, kunguru?"

Dole hakuweka. Alitwaa kalamu, akaziandika nyumba na waliomo kwa herufi za Kiarabu za chuoni, mlango kwa mlango, kama alivyoziingia miaka yote na sanda kwapani.

"Mama, unaharibu ramani ya jeshi!"

"Naijaza. Wafu wao nimewaosha. Hawa ni wazima, na sitawaosha kwa amri yako."

Kapteni alinyoosha mkono aipokonye karatasi. Mkono ukasita juu ya wino mbichi. Kalamu iliendelea.

Mola awahifadhi waliosalia majumbani, walioandikwa na ambao kalamu haijawafikia.